Daftari la safu mbili: nilivyoacha kukisia muda wa kazi zangu

Kazi yangu ni kuhariri miswada. Naifanyia nyumbani, sina bosi wa kunisimamia, na mteja anachotaka ni mswada wake umfikie tarehe tuliyokubaliana. Watu wakisikia hivyo husema nina raha. Kumbe kwa muda mrefu siku zilikuwa zinanipita hivi hivi. Asubuhi naandika orodha ya kazi kumi, jioni nimemaliza tatu, zilizobaki nazihamishia kesho, na kesho nayo inakuja na zake.

Nilijaribu mengi. Niliamka saa kumi alfajiri, nikagawa kazi kwa rangi, nikapakua programu za kupanga muda moja baada ya nyingine. Programu hizo nyingine ni nzuri, ila zipo ambazo ni kama kufuga mnyama: kila saa zinataka kulishwa taarifa, na mfugaji ndiye anayechoka. Kila njia ilinisaidia siku chache, kisha mambo yakarudi yalivyokuwa.

Kilichobadilisha hali ni daftari la kawaida nililolichora safu mbili. Katika safu ya kwanza, kabla sijaigusa kazi, naandika nadhani itachukua muda gani. Katika ya pili, nikishamaliza, naandika imechukua muda gani kweli. Kwa wiki za mwanzo sikubadilisha kitu kingine chochote. Sikujikaza niende haraka wala sikupunguza kazi. Nilitaka kwanza nione muda unakwenda wapi.

Nilichokiona kilinishangaza. Sura ya kurasa ishirini nilikuwa naipa saa mbili. Safu ya pili ilisema saa tatu na nusu, na haikuwa bahati mbaya ya siku moja, ilikuwa hivyo karibu kila mara. Baruapepe nilizozitengea robo saa zilikula saa nzima. Nami sijihesabu kuwa mtu wa kupiga soga mtandaoni! Upande wa pili, kazi nilizokuwa nazikwepa zilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Kumpigia mteja anayechelewesha malipo, jambo nililoliahirisha juma zima, kuliisha kwa dakika sita. Kwa hiyo nilikuwa nakosea pande zote mbili: kazi ninazozipenda nazikadiria chini, ninazoziogopa nazikadiria juu.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili limechunguzwa sana. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kuwa mtu akikadiria kazi huitazama ile iliyo mbele yake tu, akaiwaza hatua kwa hatua ikienda sawasawa. Hajiulizi kazi za aina hiyo alizokwisha kuzifanya zilimchukua muda gani. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake huko Kanada walichapisha utafiti ambao ndani yake wanafunzi waliulizwa wangemaliza lini tasnifu zao. Wastani wa makisio ulikuwa siku 34 hivi. Wakaulizwa tena: na kila kitu kikienda vibaya kabisa? Wakasema kama siku 49. Hali halisi ilikuwa zaidi ya siku 55.

Hilo swali la pili ndilo lililonikaa kichwani. Hata mtu akiambiwa awaze mabaya, hawazi ya kutosha. Ndiyo maana ushauri wa “ongeza muda kidogo kwa tahadhari” haukuwahi kunifaa. Hicho “kidogo” nacho nilikuwa nakikisia. Daftari halikisii. Mteja akiniletea mswada sasa, natafuta uliofanana nao kwa ugumu, naangalia kila kurasa kumi zilichukua muda gani, nazidisha, ndipo natamka tarehe. Miezi ya mwanzo nilikuwa naona haya kuitamka, kwa jinsi ilivyokuwa mbali. Wateja walio wengi waliikubali bila neno. Kumbe tarehe ya mbali haiwasumbui kama ile inayosogezwa kila mara.

Kuna hesabu nyingine niliyoipata humo humo, na naiona ina thamani kuliko ile ya kurasa. Nilijumlisha saa nilizokuwa nahariri kwa umakini, zile ambazo ukizirudia kesho yake huoni aibu. Hazizidi nne kwa siku. Mimi nilikuwa napanga nane. Hata ningeamka usiku wa manane, orodha yangu isingemalizika, maana haikuwa na hesabu ndani yake. Siku hizi napanga saa nne za kazi nzito na si zaidi, nazo naziweka asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa sita. Mchana ni wa vijikazi, simu, na lolote litakalozuka. Na kila siku huzuka.

Ila nilipoanza kujipa nafasi ya kutosha, nikakumbana na jambo aliloliandika mwandishi Mwingereza Cyril Northcote Parkinson katika jarida la The Economist mwaka 1955: kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliyopewa. Yeye alikuwa anazungumzia ofisi za serikali, lakini linaingia hata kwenye meza ya mtu mmoja. Sasa tumsikilize nani? Daftari linasema jipe muda zaidi, Parkinson anasema ukijipa zaidi utaumaliza wote.

Mimi naona jibu limo katika aina ya kazi. Kuhariri kuna mwisho unaoonekana. Ukifika ukurasa wa mwisho umefika. Kazi ya namna hiyo naipa muda wake kamili kama daftari linavyosema. Lakini zipo zisizo na mwisho: kutafuta taarifa mtandaoni, kupanga mafaili, kumwandikia barua mteja mwenye hasira. Barua ya mistari mitano unaweza kuichonga hadi jioni. Hizo nazipa mpaka, na mpaka ukifika naacha hapo ilipofika.

Kwa mpaka huo natumia kipima muda. Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia kile cha jikoni chenye umbo la nyanya, akafanya kazi dakika 25 na kupumzika tano. Njia yake imesambaa duniani na wapo wanaoiapia. Kwenye kuhariri inaniudhi, kwa sababu dakika ya 25 ndipo ninapoanza kumwelewa mwandishi anataka kusema nini. Kwa kazi zisizo na mwisho na zile ninazoziogopa, sijaona inayoishinda. Dakika 25 za kujaza fomu, nani atazishindwa?

Simu naiacha chumba kingine. Sina mengi ya kusema hapo. Kuizima sauti ilhali iko mezani hakukunisaidia hata kidogo. Nililoongeza kwenye daftari ni alama ndogo ya mkasi kila nikikatizwa, awe ni mtu, simu, au mimi mwenyewe nimejikatiza. Kurasa zenye mikasi mingi ndizo ambazo safu ya pili imeikimbia safu ya kwanza kwa mbali. Sophie Leroy, mtafiti aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 2009, alionyesha kwamba ukiruka kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya fikra hubaki kule ulikotoka. Wahenga walikwisha sema mshika mawili moja humponyoka, lakini mikasi ilinionyesha ni muda gani hasa unaoniponyoka.

Kulizoea daftari lenyewe kulihitaji ujanja. Nalilaza juu ya kompyuta kila jioni, kwa hiyo asubuhi siwezi kuifungua kabla sijalishika. Nikishalishika, nimekwisha andika. Siku nilizosahau zilikuwepo, na zamani ningesema basi, nimeshindwa tena, nikaacha. Kilichoniondolea mawazo hayo ni utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London uliotoka mwaka 2009. Walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 hivi mpaka jambo lijiendee lenyewe, ila tofauti ilikuwa kubwa mno: kuanzia 18 hadi makadirio ya 254. Zile siku 21 zinazorudiwa kila mahali kuwa zinatosha kumjengea mtu yeyote tabia hazikuonekana kuwa kanuni humo. Pia waligundua kuruka siku moja hakuharibu mwenendo mzima. Basi nikiruka, kesho naandika ukurasa mpya bila kujaza pengo la jana kwa kubahatisha.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa watu. Ukifanyia kazi nyumbani unaonekana upo tu, na anayekuomba “dakika mbili” hana nia mbaya. Nilipokuwa najibu “nina kazi” haikusaidia, maana kila mara nina kazi. Nilianza kujibu kwa saa: napatikana kuanzia saa saba. Watu huiheshimu saa kuliko sababu. Wachache walininunia mwanzoni, halafu wakazoea, na mchana wakija nawasikiliza nikiwa nimetulia, si jicho moja kwao na jingine kwenye skrini.

Daftari linakwama pale kazi inapokuwa ya aina ambayo sijawahi kuifanya. Mteja mmoja alitaka nimtengenezee faharasa ya kitabu chake, nami sikuwa na ukurasa wa nyuma wa kuutazama. Kazi ya namna hiyo huwa naifanya kipande kidogo kwanza, kama kurasa tano, huku nikipima, kisha natoa tarehe. Maana yake mteja anasubiri siku nzima ili aambiwe tu atasubiri hadi lini, na si wote wanaolipenda hilo. Huyo wa faharasa alipeleka kazi kwa mwingine. Waliomfuata wamesubiri, na kurasa zao sasa zimo daftarini.