Jinsi nilivyofuta hisa za mama wa watu kwa kusahihisha jina lake

Shangazi yangu ni katibu wa kikundi cha VICOBA huko Kilosa. Wako 27, wanakutana kila Jumatano, na kila mmoja hununua hisa kuanzia moja hadi tano, hisa moja sh. 2,000. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hesabu, hata hivyo, zilikuwa sehemu moja tu: daftari la shangazi, na masika likalowa. Akanipigia. "Wewe si ndiye fundi wa simu? Nitengenezee pa kuandikia humo humo kwenye simu, mwanangu." Mimi natengeneza programu za simu, siyo simu zenyewe, lakini kubishana na shangazi ni kujitafutia lawama.

Mtandao pale kwao ni mpaka upande kilimani, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kukaa ndani ya simu. Nikachukua Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, na Room, ile maktaba ya Android inayokaa juu ya SQLite, kanzidata ndogo ya ndani ya simu.

Kichwani mwangu mambo yalikuwa mepesi. Kuna Kikundi, ndani yake orodha ya Wanachama, na ndani ya kila Mwanachama orodha ya manunuzi yake ya hisa. Nikaiandika hivyo hivyo, kitu ndani ya kitu. Room ikagoma hata kujenga programu: haijui namna ya kuihifadhi orodha ile, labda niongeze kibadilishaji cha kuigeuza iwe kitu kinachohifadhika. Ilikuwa na haki. Jedwali la SQLite lina mistari na safu, na kila kisanduku hupokea namba, maandishi au baiti. Orodha ya watu wenye orodha zao haina pa kuingilia.

Nikaongeza hicho kibadilishaji. TypeConverter moja (ndicho kibadilishaji chenyewe), na maktaba ya Gson ikageuza wanachama wote kuwa maandishi marefu ya JSON, muundo wa kuandika data kama maandishi, yakaingia kwenye safu moja. Dakika 10 tu. Nikajiona bingwa.

Shangazi akaomba picha za wanachama. Nami, kwa uvivu, nikazigeuza herufi nikazitumbukiza ndani ya JSON ile ile, kila picha kama kilobaiti 80. Alipoongeza picha ya mtu wa 26, programu ikahifadhi bila kulalamika. Kesho yake haikufunguka. Android husoma matokeo ya SQLite kupitia dirisha la kumbukumbu ambalo kwa kawaida ni megabaiti 2, na mstari mmoja ukizidi hapo hausomeki. Kuandika kunapita, kusoma kunakwama! Data ilikuwepo nzima ila haishikiki. Nikaitoa vipande vipande kwa substr, amri ya kukata kipande cha maandishi, usiku, huku nikijilaani.

Picha zikahamia kwenye mafaili, kanzidata ikabaki na njia ya faili tu. Na JSON nikaitupa, maana hata bila picha ilikuwa inaninyima jambo la msingi: kumuuliza SQLite "nani hajanunua hisa Jumatano hii?" Ilibidi nifungue furushi lote nilipekue mwenyewe. (Kwa orodha fupi isiyoulizwa maswali, mfano namba mbili za simu za mtu mmoja, bado natumia kibadilishaji bila aibu.)

Sasa yakawa majedwali matatu. Mtoto ndiye anayembeba mzazi: mstari wa mwanachama una kikundiId, mstari wa ununuzi una mwanachamaId. Hapa ndipo akili yangu ilipogoma kidogo, kwa sababu kwenye msimbo mzazi ndiye hushika watoto. Kuhifadhi kuna mpangilio wake: unaingiza mzazi kwanza, Room inakurudishia namba aliyopewa, unawabandika watoto namba hiyo, ndipo unawaingiza. Yote ndani ya withTransaction, yaani yapite yote au lisipite hata moja, ili simu ikizima katikati kisibaki kikundi chenye nusu ya watu. Kusoma ni klasi nyingine isiyo jedwali, yenye @Relation, inayokuunganishia mzazi na wanawe. Kwa ndani Room huiuliza kanzidata zaidi ya mara moja, ndiyo maana usomaji huo nao unauwekea @Transaction, ili data isibadilike katikati.

Miezi miwili kimya. Halafu simu ya shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kuna mama hapa hisa zake zimekuwa sifuri. Analia."

"Umegusa nini?"

"Nimesahihisha jina lake tu. Lilipungua herufi moja."

Nilikataa kuamini mpaka nilipojaribu mwenyewe kwenye simu yangu. Badilisha jina, hifadhi, hisa zimeyeyuka. Njia yangu ya kuhifadhi mwanachama ilikuwa @Insert, agizo la kuingiza mstari, yenye REPLACE, ambayo nilidhani ina maana ya "kama yupo, mbadilishe". SQLite haibadilishi. Inaufuta mstari wa zamani, kisha inaingiza mpya wenye namba ile ile. Na mimi, kwa kupenda usafi, nilikuwa nimeweka CASCADE kwenye ufunguo wa kigeni, ile mwanachamaId inayomfunga mtoto kwa mzazi: mwanachama akifutwa, manunuzi yake yafutwe. Basi kwa sekunde ile kati ya kufutwa na kurudi, hisa 34 za yule mama zikaondoka naye, na yeye akarudi peke yake. Hakuna kosa lililoonyeshwa popote, maana kila kipande kilifanya nilichokiagiza.

Kilichotuokoa ni kitabu chake kidogo cha hisa, chenye mihuri ya kila mkutano. Shangazi alinisomea muhuri kwa muhuri kwa simu, nami nikiingiza. 34, sh. 68,000, zikatimia.

Marekebisho yalikuwa mawili. REPLACE ikawa @Upsert, iliyokuja na Room 2.5: inajaribu kuingiza, ikikuta namba ipo inasasisha mstari palepale bila kufuta. Na CASCADE ikawa RESTRICT, inayokataa kumfuta mzazi mwenye watoto. Hii ya pili ndiyo ninayoitetea kwa nguvu, kwa sababu rekodi ya fedha haipaswi kufutika kwa kuwa mtu mwingine kafutwa. Ningekuwa nayo tangu mwanzo, REPLACE ingegoma kwa kelele siku ya kwanza ya majaribio. Nimeongeza pia jaribio moja: sajili mtu, mnunulie hisa, badili jina lake, hesabu hisa.

Shangazi bado anaitumia kila Jumatano. Ila kanunua daftari jipya pia, analifunga kwenye mfuko wa nailoni, na kila mkutano ukiisha analinganisha vyote viwili kabla sanduku halijafungwa.