Michezo Tunayocheza Garini Kutoka Dar Mpaka Tukuyu

Likizo ya Desemba sisi huenda Tukuyu kwa wazazi wa mume wangu. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, halafu ukifika Uyole unakata kushoto na kuanza kupanda kuelekea Rungwe. Hata ukiondoka alfajiri, jua litakuchwa ukiwa bado njiani. Mume wangu ndiye dereva, mimi nakaa pembeni yake. Nyuma kwenye Noah wanakaa binti yangu wa kidato cha kwanza, mdogo wake wa darasa la tano na kitinda mimba wa darasa la pili. Mama mkwe akiwa ametutembelea Dar, tunarudi naye, na hizo ndizo safari ninazozipenda kuliko zote. Utaona kwa nini.

Wazazi wengi niliozungumza nao huwapa watoto simu na mambo yakaishia hapo. Kwetu simu hairuhusiwi gari likiwa linatembea, na sababu kubwa ni kichefuchefu. Mtoto akiinamia kioo cha simu, macho yake yanamwambia ametulia, huku sehemu ya ndani ya sikio inahisi gari linavyokata kona na kurukaruka. Ubongo unapata taarifa mbili zisizopatana, na tumbo ndilo linaloumia. Akiangalia nje, mbali, macho na sikio vinakubaliana. Kwa hiyo karibu michezo yetu yote ni ya kutazama nje au ya mdomo tu. Hakuna karatasi, hakuna kalamu, hakuna kuinama.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuigawa michezo kwa vipande vya barabara. Mchezo mmoja haubebi kilomita 800. Ila barabara ya Dar hadi Mbeya inabadilika sana, na kila ikibadilika inakuletea mchezo wake yenyewe.

Kuanzia Kibaha mpaka Morogoro magari ni mengi na malori yamepangana, basi huko tunacheza namba. Namba za magari ya kwetu zina T, tarakimu tatu na herufi tatu. Mtu anachagua gari lililo mbele, anasoma herufi kwa sauti, na kila mmoja anatunga sentensi ya maneno matatu. DKB: "Dada kapika biriani." "Daktari kamkimbia bata." Sentensi iliyochekesha wengi ndiyo inayoshinda. Kitinda mimba, ambaye sentensi zilikuwa zikimshinda, alipewa tarakimu: anajumlisha zile tatu, akipata 20 au zaidi anachukua pointi. Hesabu zake za kichwa zimekuwa nzuri kwa sababu hiyo, wala hajui kwamba anasoma.

Halafu kuna magari yenye namba za aina nyingine, na hayo yana pointi zaidi. SU ni ya shirika la umma, SM ni ya serikali za mitaa, DFP ni ya miradi ya wafadhili. Juu kabisa ni magari ya nje. Barabara hii inahudumia malori ya Zambia na Kongo yanayopitia Tunduma, na ya Malawi yanayopitia Kasumulu, kwa hiyo mtoto mwenye macho makali hakosi kitu. Safari moja, tukiwa tumeshaipita Morogoro, yule wa darasa la tano akauliza, "Baba, mbona magari ya Rwanda yameisha? Mwanzoni yalikuwepo." Baba yake akamweleza kwamba yale hukunja Msamvu yakashika njia ya Dodoma na Singida mpaka Rusumo. Mtoto akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo anayetaka pointi za Rwanda awahi kabla ya Morogoro." Tangu hapo wote wanawahi.

Mikumi hauhitaji kubuni chochote. Barabara inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na matuta yanalazimisha gari liende polepole. Anayemwona mnyama kwanza anamtaja. Kwenye hifadhi kuna bango la faini za kugonga wanyama, na kila mnyama ana faini yake. Binti yangu ndiye aliyependekeza pointi zifuate bango hilo. Wazo zuri sana. Tembo na twiga wako juu, nyani yuko chini kwa sababu anakaa barabarani kama mwenyeji na kila mtu anamwona. Swala nao ni wengi, nyumbu na pundamilia ni wa wastani. Simba hatujawahi kumwona kutoka barabarani, ila kila safari kuna mtu anayeapa amemwona mkia.

Ukitoka hapo unashuka kwenye bonde la mibuyu, Ruaha Mbuyuni, joto limepanda na watoto wameanza kuulizana nani kamsukuma nani. Hapa ndipo ninapotoa mchezo wetu mkubwa, wa silabi.

Huu ni ule wa kuunganisha maneno: mtu anataja neno, anayefuata analianzia pale lilipoishia. Wengi huucheza kwa herufi ya mwisho, lakini kwa Kiswahili hilo linachosha haraka, maana maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Baada ya dakika tano mnazunguka kwenye A na I peke yake. Sisi tunatumia silabi ya mwisho, na mchezo unafunguka. Barabara, ratiba, baridi, dirisha, shamba, mbaazi, ziwa, wali, limau. Nomino tu, neno likishatajwa halirudiwi, na anayekwama mpaka tuhesabu kumi anatoka.

Zogo hutokea kwenye maneno mafupi. Mtu akisema "mbwa", anayefuata aanze na nini? Tunapiga makofi: m-bwa, makofi mawili, kwa hiyo silabi ya mwisho ni "bwa". Bwawa. Bwana. Kitinda mimba alikuwa ndiyo kwanza anafundishwa silabi shuleni, basi akajiteua mwamuzi, na lazima niseme anahukumu kwa haki.

Siku moja ubishi ulikuwa mkali, wamebaki watoto wawili wakubwa na bibi yao. Ikaja zamu ya yule wa darasa la tano, silabi "mbu". Akatazama nje. Mibuyu imejaa pande zote, minene, mingine imetobolewa matumbo. Akasema "mbuyu", tukamkatalia, hiyo si "mbu" ya silabi moja, na kitinda mimba akapiga makofi: m-bu-yu. Haikubaliki. Akafikiri tena, akasema "mbuzi". Akapigiwa makofi, ikakubaliwa: mbu-zi. Dada yake akajibu "zizi", bibi "ziwa", yeye "waraka", dada "kaburi", bibi "riba", yeye "bakuli", dada "limau". Bibi alipokwama kwenye "u", akakumbuka pakiti ya mkononi mwa mjukuu, akasema "ubuyu". Kimya. Neno gani linaanza na "yu"? Mjukuu akahesabiwa mpaka kumi, akatoka. Dada yake akahesabiwa, akatoka.

"Lakini Bibi, hata wewe hulijui," wakalalamika.

"Nalijua. Yungiyungi."

Hakuna aliyewahi kulisikia. Akawaeleza kwamba ni lile ua linaloota juu ya maji, majani yake mapana yanaelea. Tangu siku hiyo "ubuyu" haumtoi mtu tena, na binti yangu ametafuta silaha mpya: "kinywa". Bado hatujapata jibu lake.

Baada ya bonde inakuja Kitonga, na Kitonga hatuchezi kwa sauti. Mlima una kona kali, upande mmoja ukuta wa mwamba, mwingine korongo, na malori yaliyobeba mizigo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Dereva anahitaji akili yake yote. Watoto wanajua: tukianza kupanda, kila mmoja anahesabu kona kimyakimya, kwa vidole. Mimi nahesabu pia. Tukifika juu ndipo kila mtu anataja idadi yake, na aliyekaribia yangu anashinda. Majibu hayajawahi kufanana hata mara moja, kwa sababu hakuna anayekubaliana na mwenzake kona inaanzia wapi. Lakini nimepata ukimya mahali ninapouhitaji, bila kumkaripia mtu.

Hapo niseme kuhusu dereva. Kwetu anaruhusiwa michezo ya masikio na mdomo tu, na pale tu barabara inapokuwa nyoofu. Namba hachezi, wanyama hachezi. Na mchezo hauondoi usingizi. Mume wangu akisema macho yamekuwa mazito, hatumwimbii wala hatumtegei kitendawili. Tunasimama, anashuka, analala hata nusu saa. Sheria nyingine ni ya mkanda: mtoto akiufungua, mchezo unasimama kwa wote mpaka aufunge. Wenzake humkumbusha haraka kuliko mimi.

Ilula tunasimama kwa ajili ya nyanya. Kabla sijauliza bei kila mtoto anakisia bei ya ndoo, aliyekaribia ndiye anayechagua nyanya za kuliwa njiani. Ni mchezo mfupi, lakini umewafundisha kwamba bei ya Ilula na bei ya sokoni kwetu Dar ni vitu viwili tofauti, na sasa wanauliza maswali ya maana kuhusu nauli ya lori na nyanya zinazooza njiani.

Ukiipita Iringa na kuingia Mafinga, mnatembea katikati ya misonobari ya Sao Hill. Pazuri, lakini mandhari ni ileile muda mrefu, na tumbo limeshiba chakula cha mchana. Kwanza tunacheza kilomita. Mtoto anafumba macho tukipita nguzo ya kilomita, anafumbua pale anapoamini tumefika nyingine. Gari likiwa kwenye 60, kilomita moja ni dakika kamili. Kwenye 80 ni sekunde 45. Binti yangu aliligundua hilo akaanza kuhesabu sekunde, wadogo zake wakalalamika kwamba anaiba. Nilimtetea. Kukokotoa si kuiba.

Halafu ndiyo vitendawili, kuanzia Makambako mpaka giza liingie. Reli ya TAZARA nayo iko jirani kipande hiki, na treni ikionekana kila kitu kinasimama kwanza mpaka mabehewa yaishe.

Vitendawili vina kitu kimoja kama vile vilitungiwa safari: mji. Mtu akishindwa anaambiwa, "Nipe mji." Shuleni watoto wanataja mji wowote. Sisi sheria yetu ni kwamba mji lazima uwe wa njia hii, na ukishatolewa hautolewi tena. Kwa hiyo Chalinze inakwenda mapema, Iringa inakwenda, na kadiri tunavyoendelea watu wanalazimika kutafuta Igawa, Chimala, Igurusi. Kitinda mimba anaijua njia nzima kwa mpangilio bila kufundishwa na mtu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni."

Wakishindwa, bibi anaukataa mji wa kwanza. "Mlandizi nimeshafika, sikupata hata maji. Nipe mwingine." Wanampa Chimala. Hapo anakaa vizuri na kuanza: amefika Chimala, wamempokea, wamempikia wali wa Mbarali na kuku wa kienyeji, amekula, amenawa, ameletewa chai, na ile chai imeletwa ndani ya... kikombe. Watoto wanapiga kelele kwa sababu jibu lilikuwa kwenye hadithi. Sasa nao wakipewa mji wanasimulia hivyohivyo, wanalizungusha jibu ndani ya safari yao, na yule wa darasa la tano anaweza kukaa Makambako kwenye baridi kwa kilomita kumi kabla hajatuambia kitu.

Wanatunga na vya kwao. Ninachokipenda zaidi ni cha kitinda mimba: "Kalala katikati ya barabara, na mabasi yote yanamheshimu." Jibu ni tuta. Baba yake alikitegua akiwa ndiyo kwanza anapunguza mwendo kwa ajili ya tuta lenyewe.

Giza likiingia hakuna cha kutazama, inabaki "Paukwa!" "Pakawa!" Kila mtu sentensi moja, na sentensi lazima iwe na kitu tulichokiona siku hiyo. Hadithi ya mwisho ilimhusu nyani wa Mikumi aliyedandia lori la Malawi akaja kushtakiwa Uyole kwa kutokuwa na tiketi. Tulipofika Tukuyu kesi ilikuwa haijaisha, ikabidi imaliziwe jikoni, watoto wakisimama huku na huku kwenye moshi, babu yao naye akiwa ameombwa awe hakimu.

Mwaka huu bibi amesema atabaki Tukuyu. Amewapa watoto vitendawili vitano vya kusafiri navyo kurudi Dar, majibu hakuwapa. Wakishindwa watampigia simu tukisimama Morogoro, na ameshawaambia kabisa kwamba Mlandizi hataipokea.