Pua za mbwa wangu zimejaa chavua
Jamani majira ya kuchipua yamefika, leo nimetoka na mbwa wangu wawili kwenda kuangalia maua ya porini, kilima chote njano na zambarau, yaani huyu mdogo kasimama katikati ya njia ananusa ua moja kama dakika tano hivi, nikamwacha maana pua ndo macho yake. Mkubwa keshazeeka anatembea polepole ila leo mkia haukutulia. Kamba sikuachia kabisa, maua mengi ya porini ni ya mwaka mmoja, yakikanyagwa kabla ya kutoa mbegu ndo basi. Tuliporudi nikawakagua kupe masikioni, kwapani, katikati ya vidole, nimetoa wawili. Saa hizi wanakoroma miguuni kwangu, nawapenda mno hawa.