Usiku wa Nicky na mama yake

Nimetoka kutazama tamthilia ya The Vortex jukwaani na moyo bado haujatulia. Noël Coward aliiandika, na ilipoonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1924 akaigiza mwenyewe kama Nicky, kijana mpiga piano aliyezama kwenye kokeini. Mama yake, Florence, ni mke wa tajiri, na hakubali kuzeeka. Ana mpenzi wa rika la mwanawe.

Mwanzo ni karamu na masengenyo ya wenye nazo. Lakini ile sehemu ya tatu jamani! Chumbani kwa mama, usiku, wamebaki wawili tu. Nicky anambana aseme kweli, kisha anakumba vichupa vyote vya kwenye meza ya vipodozi, vinamwagika chini. Nilishtuka kitini. Hapo ndipo nikaona mama naye ni mraibu, wa kusifiwa. Na baba, David, mpole wa watu, wala hajui kinachoendelea!

Mwishoni wanaahidiana kubadilika. Wenzangu niliokwenda nao wamewaamini. Mimi sijawaamini, ila natamani sana waweze, hasa Nicky.