Nilivyoweza kutundika mabaki ya ujenzi ukutani

Kazi zangu za sanaa hazina sura ya mtu wala mti. Ni mbao zilizokwisha kumwagiwa zege, ringi za nguzo (vyuma vyembamba vinavyofunga nondo) zilizopinda na karatasi za mifuko ya saruji. Vyote natoa kwenye marundo ya mabaki, kwa ruhusa ya msimamizi. Ukijichukulia tu unaitwa mwizi, tena kwa haki.

Kilichonisumbua zaidi ni uzito. Nondo ya milimita 12 ina karibu gramu 890 kwa kila mita, kwa hiyo mita kumi ni kama kilo tisa kabla hujaweka hata ubao mmoja. Nikahamia kwenye ringi za chuma cha milimita 6, gramu 222 tu kwa mita. Ukutani mstari ni mstari, na chuma chembamba hutoa kivuli kizuri zaidi.

Kutundika nako kulitaka akili. Nilichukua upapi, yaani ubao mwembamba mrefu, nikaupasua kwa urefu, msumeno umelala nyuzi 45. Kipande kimoja nikakikaza ukutani kwa skrubu, ncha ikitazama juu na nje. Cha pili nikakifunga nyuma ya kazi, ncha chini. Vikiumana, uzito wenyewe ndio unaokaza.

Louise Nevelson, mchongaji wa Marekani, alikuwa akipaka vipande vyake vya mbao rangi moja, mara nyingi nyeusi, hadi vinakuwa kitu kimoja. Namheshimu, ila mimi rangi nimeikataa. Kijivu cha zege kilichong'ang'ania ubao na duara la kutu lililoachwa na msumari vinanitosha. Kutu iliyolegea naiondoa kwa brashi ya waya, halafu napaka nta. Mbao zenye rangi kuukuu sizipigi msasa kamwe, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Asbesto siigusi kabisa.

Kupanga ndiko kunakokula muda. Natandaza chini, nazungusha, napindua juu chini. Bawaba ikibaki, kila mtu anaona mlango, basi naing'oa. Matundu yake nayaacha.

Fundi mmoja aliyekuja kuangalia alisimama kimya kitambo, akagonga ubao kwa kidole. "Hizi bado zinabeba zege mara mbili," akasema. "Utazirudisha lini?"