Panya wa mawe na gunia la dagaa

Nyumba yetu ya Igogo imebanwa na mawe, kama nyumba nyingi za milimani hapa Mwanza. Nyuma ya jiko kuna mwamba wenye nyufa, na humo vipanya vya porini vilikuwa vikiishi kabla hatujajenga.

Nilianza na sumu, kosa kubwa. Kimoja kikafia darini, tukalala na harufu wiki nzima. Na paka wa jirani angekula kimoja chenye sumu, ningemwambia nini mama wa watu?

Usiku mmoja nikakaa na tochi. Vilipita moja kwa moja hadi kwenye gunia la dagaa, kupitia tundu la bomba la sinki ambalo kidole changu cha mwisho kinapita kwa shida. Nikalishindilia nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, juu yake saruji. Saruji peke yake ikiwa mbichi wanaichimbua. Meno yao hayaachi kukua, lazima watafune kitu. Dagaa nikazihamishia kwenye ndoo ya mfuniko, na pumba za kuku naziondoa kabla ya magharibi.

Siku hizi jioni naviona juu ya mwamba vikinawa uso. Mke wangu bado anavirushia ndala.