Jino la mbele lililorudi Dar mara mbili, mpaka nikaijua kamera

Nafanya kazi kliniki ndogo ya meno hapa Tanga, upande wa Ngamiani, na leo naandika kwa sababu nimechoka kusikia ushauri ule ule wa kupiga picha za meno ulionipotezea miezi. Ushauri wenyewe ni huu: fungua lenzi mpaka mwisho f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo ndio tundu la lenzi kubwa), pandisha ISO ili kamera ivute mwanga zaidi, usipige flashi maana flashi inaharibu picha. Nilipewa na kijana mmoja anayepiga harusi, na harusi anazipiga vizuri kweli, lakini mdomo wa mtu sio ukumbi.

Sisi krauni, yaani kofia ya bandia inayovishwa jino, hatutengenezi hapa, tunachukua kipimo cha meno tunafunga tunatuma Dar na basi la asubuhi, fundi anatengeneza kule inarudi. Magego hayana shida, nani anaangalia gego. Kazi ipo jino la mbele. Akaja mama mmoja mwalimu, jino la juu la mbele limevunjika, kila akicheka mkono uko mdomoni. Nikalinganisha rangi na kipimo chetu, vile vipande vya mfano wa meno vyenye namba za rangi, nikaandika A3, nikapiga picha na simu huku taa ya kiti inawaka, nikatuma. Fundi akafuata picha, na picha ilikuwa imevuta unjano wa taa, krauni ikaja ya njano. Mwalimu akajitazama, akanyamaza, halafu akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hili jino kama limekuja kutembea." Usiku ule sikulala vizuri.

Ndio nikanunua kamera ya mtumba na lenzi ya makro ya 100mm, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, vyote Kariakoo, milioni na laki kadhaa hivi, nikaufuata ule ushauri wa kijana, f/2.8 na ISO 3200. Picha nikaifungua kwenye kompyuta nikaona ncha ya jino moja tu ndio kali, la pembeni yake limeshakuwa ukungu, chengachenga kila mahali, na meno yote yamepigwa na ukijani kwa sababu kuta zetu zimepakwa kijani. Na kosa kubwa zaidi nililifanya mimi, nilipiga mwisho wa kazi, mdomo umekaa wazi karibu saa nzima na pamba ndani. Jino likikauka maji yanatoka hewa inaingia, linaonekana jeupe kuliko lilivyo, inaanza ndani ya dakika chache tu na kurudi kwake ni masaa. Kwahiyo fundi akanitengenezea krauni ya meno makavu, ikaja nyeupe kama chaki. Basi tena, irudi Dar.

Jumapili moja nikajifungia kliniki na meno ya plasta na vile vipande vya kipimo cha rangi, nikasema leo sitoki. Nikaweka kamera kwenye M, yaani kila kitu napanga mwenyewe, ISO 200, shata (muda wa mwanga kuingia) 1/160 ya sekunde, f/22 tundu dogo ili meno yote yawe makali, flashi nikaizima makusudi, nikapiga. Picha ikatoka nyeusi tii. Jamani nilifurahi, maana hapo ndio nilielewa: dirisha, taa ya juu, ukuta wa kijani, vyote havina kauli tena, mwanga wote utakaoingia ni wa flashi yangu peke yake na huo haubadiliki asubuhi wala jioni. Nenda kajaribu hii kwanza kabla hujagusa kitu kingine, na kama bado unaona kitu kwenye picha ujue rangi zako zina mwanga wa nje. White balansi, ile inayoiambia kamera mwanga ni wa rangi gani, nikaifunga kwenye flashi, karibu 5500K, otomatiki hapana. Na usiogope kutikisika, flashi inawaka kufumba na kufumbua. Shata usivuke 1/200, kamera nyingi zinakutia mstari mweusi.

Sasa flashi ya juu ya kamera, ukisogea sentimita kumi na kitu kutoka mdomoni lenzi yenyewe inatupa kivuli kwenye meno. Ile ya duara inafaa magego, ila meno ya mbele inayapiga usoni yanakuwa bapa, huoni mikunjo. Mimi nilienda kwa fundi wa kuchomelea akaniungia bapa la chuma lenye mikono miwili, flashi ndogo mbili za mtumba kila moja upande wake, mbele nimebandika plastiki nyeupe niliyokata kwenye kopo la aiskrimu ili mwanga ulainike. Elfu kumi na tano haikufika. Nguvu naweka mwenyewe, robo, kwa sababu flashi ikijipimia ikiona meno meupe yamejaa inapunguza na meno yanatoka ya kijivu.

Kioo cha kupigia meno ya ndani kilikuwa kinajaa mvuke wa pumzi kila saa, sasa nakitumbukiza kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, nakifuta, napiga. Kwa kioo nashuka f/16 maana kinakula mwanga, na nikirudi nyuma kupiga uso mzima f/8.

Mwalimu aliporudi nikamwomba ruhusa, nikampiga kabla ya kitu chochote, krauni ya muda bado ipo, meno ya jirani yana mate yake, vipande vya A2 na A3 nimevishika ncha kwa ncha na jino ndani ya picha hiyo hiyo ili fundi alinganishe hata kama skrini yake inadanganya. Na WhatsApp nikatuma kama faili, sio kama picha, isije ikabanwa. Jioni fundi akanipigia simu, "Daktari, leo nimeliona jino." Alikuwa anaona mpaka ule ubluu mdogo wa kwenye ncha.

Krauni ya tatu ilikaa. Mwalimu akashika kioo, akageuza uso dirishani, huku, kule, akacheka, mkono umebaki kwenye kanga.

Lenzi usiiache mkobani, hewa ya bahari hapa inaotesha ukungu ndani ya vioo. Yangu inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu nimevijaza chini.